Ushauri Nasaha kwa Mwanachuo Atokaye Machimboni

Huduma za kinga na ushauri nasaha vyuoni zimezoea kuuliza mambo matatu: ngono, pombe na msongo wa masomo. Swali la nne huachwa, nalo kwa mkoa wa Mara si dogo: likizo ulifanya kazi gani?

Buhemba, wilayani Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni. Mwanachuo atafutaye ada aweza kupata huko kazi ya kusaga mawe, au ya kuchoma zebaki iliyoshikana na dhahabu. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Huvutwa puani, huingia katika damu, hufika kwenye ubongo na figo. Anayeuvuta mara kwa mara hukosa usingizi, huwa mwepesi wa hasira, husahau, na vidole vyake hutetemeka. Nyingi za dalili hizo ndizo anazozieleza pia mwanafunzi mwenye hofu ya mtihani. Mshauri asiyeuliza habari za kazi atampa maneno mema ya kumtuliza, na likizo ijayo kijana atarudi kwenye mvuke uleule.

Ikibainika kwamba alichoma zebaki, apelekwe kwa daktari. Kipimo cha mkojo husaidia kuonyesha kiasi kilichoingia mwilini. Hatua ya kwanza ya tiba ni kuachana na mvuke. Kuchomea ndani ya nyumba, tena jikoni, kukomeshwe kabisa, na kitambaa cha puani kisitegemewe, kwa maana hakizuii mvuke. Mjamzito asikaribie: zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Vumbi la mawe nalo lina madhara yake. Chembe za silika huacha makovu mapafuni, na mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu nchini Tanzania hutolewa bila malipo.

Kuhusu VVU wahudumu wengi wamekwisha kufundishwa. Itoshe kukumbusha kwamba dawa za kinga baada ya kujihatarisha huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28.

Swali la kazi liulizwe faraghani, bila lawama. Kijana aliyechimba pasipo kibali hudhani kwamba mshauri atamripoti. Asipohakikishiwa siri, atajibu kuwa alikuwa shambani.