Mwongozo wa Kuchangia Mazungumzo Kazini

Mwongozo huu unawahusu watumishi, vibarua na wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa, katika vikao rasmi na katika maongezi ya kawaida kazini.

1. Sikiliza kwanza. Ukikuta watu wameshaanza, jua wanajadili nini na wamefikia wapi. Anayechangia bila kujua mwanzo wa jambo huambiwa amedandia treni kwa mbele.

2. Salimu kabla ya hoja. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, hata kama wewe ndiye bosi wake. Ukiwa kwa Wahehe, "kamwene" hufungua mlango. Kisha endelea kwa Kiswahili.

3. Taja unaingia kwa lipi. Kuongezea, kuuliza na kusahihisha ni mambo matatu tofauti. Bungeni, mbunge anayetaka kumrekebisha msemaji huomba kutoa taarifa. Akishaitoa, msemaji huulizwa kama anaipokea. Kanuni zikivunjwa, husimama kuhusu utaratibu. Nyanda za Juu Kusini zinaujua utaratibu huo: zimetoa Maspika Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, Anne Makinda wa Njombe na Dkt. Tulia Ackson wa Mbeya. Kikaoni kwako inatosha kusema: "Samahani Mwenyekiti, naomba kuongezea kidogo kwenye hoja ya mama Neema."

4. Kuwa mfupi. Toa hoja moja, malizia kwa "ni hayo tu," kisha mwachie mwenye mazungumzo aendelee.

5. Heshimu wenye mkutano. Katika mkutano mkuu wa kijiji, wajumbe ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Afisa ugani au mnunuzi wa mbao aliyetoka nje ya kijiji asubiri mwenyekiti amkaribishe, hata kama jibu analo mdomoni.

6. Jua pa kunyamaza. Sokoni Mwanjelwa, mteja akipatana bei ya gunia la viazi na jirani yako, usipaze sauti kutaja bei yako ya chini. Huko ni kumharibia mwenzako biashara, na kesho atakulipa vivyo hivyo. Nyamaza pia mkuu anapomwonya mtumishi mwingine.

Wenyeviti wa vikao nao wana wajibu. Kabla ya kufunga hoja, waulizeni kwa majina wale ambao hawajasema, hasa vijana na wageni kazini. Wengi wao hunyamaza kwa adabu tu, wala si kwamba hawana la kusema.