Afisa feki kwenye simu: somo lililonigharimu 80,000

Somo la leo mimi nimeshalilipia ada, nyie lichukueni bure.

Nauza losheni na mafuta ya ngozi mtandaoni, niko Kibaha Maili Moja. Siku moja nilimpa bodaboda boksi la mteja wa Kisarawe. Kama kawaida yangu, nikaupiga picha mzigo, nikaposti: "Kisarawe, mzigo uko njiani!" Namba yangu ya simu iko palepale kwenye ukurasa.

Haikupita saa moja, simu ikaita. "Mimi ni afisa wa TMDA. Tumezuia mzigo wako hapa Kisarawe, vipodozi havina kibali. Hii ni kesi, dada. Tuma 80,000 kwenye namba hii tuyamalize." Nilitetemeka, nikatuma. Muda mfupi baadaye mteja akaniandikia: "Dada mzigo nimepata, asante."

Nilikaa kimya wiki nzima. Niende polisi nikaseme nini, kwamba nilitaka kuhonga nikapigwa? Jamani, afisa feki anaishi hapo hapo: anakula hofu yetu, halafu aibu yetu inamlinda.

Baadaye nilikwenda kituoni nikaeleza yote. Hela haijarudi, ila sheria nimeielewa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 100, inasema kujifanya mtumishi wa umma na kufanya jambo kwa cheo hicho ni kosa. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote. Kosa hili halisubiri utoe hela, kwa hiyo ripoti hata kama hukutuma kitu. Akichukua hela kwa uongo huo, kuna kifungu cha 302, kujipatia mali kwa udanganyifu: hadi miaka 7.

Sasa shika haya:

1. Jua nani anasimamia bidhaa yako. Vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, siyo TMDA. Ningelijua hilo, ningemshtukia palepale.

2. Uliza jina, ofisi na kituo. Kata simu, kisha itafute ofisi hiyo mwenyewe, siyo kwa namba aliyokupa yeye.

3. Malipo ya serikali yana kontroo namba. Namba ya simu ya mtu siyo serikali.

4. Mpigie kwanza bodaboda au mteja. Simu moja tu ingeniokoa.

5. Posti mzigo ukishafika, siyo ukiwa njiani.

6. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, na muamala usiufute. Ni ushahidi wako polisi.

7. Hata afisa wa kweli akisema "tuyamalize", hiyo ni rushwa. Piga TAKUKURU, 113, ni bure.

La mwisho linauma kidogo. Nilitetemeka kwa sababu kwenye lile boksi kulikuwa na losheni mbili ambazo mwenyewe sikuwa na uhakika nazo. Tapeli hakujua, alibahatisha tu. Siku hizi siuzi kitu nisichojua kimesajiliwa, na simu ya "afisa" ikiingia napokea nikiwa nimetulia.

Mtumie mwenzako anayeuza mtandaoni, kabla hajapigiwa yeye.