Somo: Kumtafuta Fundi wa Kunyanyua Gari Lako

Mwenye gari anayeishi Jambiani, Matemwe au Kizimkazi anaijua vyema sauti ya jiwe linapogonga uvungu. Barabara kuu za Unguja zimetiwa lami, lakini njia nyingi zinazochepuka kuelekea mitaani, mashambani na ufukweni hupita juu ya ardhi ya mawe ya matumbawe. Masika yanapoingia, kuanzia Machi hadi Mei, mashimo hujaa maji na dereva hawezi tena kukisia kina chake. Si ajabu, basi, kwamba watumiaji wengi hutamani gari lao lingekuwa juu kidogo.

Kunyanyua gari ni kubadilisha springi na shokapu zake, au kuzidishia vipande vinavyoitwa spesa, ili bodi ikae juu zaidi ya ilivyotoka kiwandani. Kazi hii hugusa usukani, breki na mizani ya gari kwa pamoja. Ikifanywa vibaya, anayeumia si mwenye gari peke yake, bali pia abiria wake na mwenda kwa miguu ambaye hakushauriwa lolote. Somo hili linakusudia kumwezesha mtumiaji ambaye si fundi kumtambua fundi anayefaa, na kujilinda kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kwanza: je, gari lako linahitaji kunyanyuliwa?

Kabla ya kutafuta fundi, tafuta sababu. Chungulia uvungu uone ni sehemu ipi inayogonga. Ikiwa ni bomba la moshi lililolegea, au springi kongwe zilizokwisha nguvu, dawa yake ni matengenezo ya kawaida. Magari mengi yanayoingia visiwani yametumika nje kwa miaka kadhaa, na springi iliyochoka huweza kulishusha gari pasipo mwenyewe kutambua. Springi na shokapu mpya za kipimo cha kiwandani huweza kurudisha kimo hicho bila ya kugusa kitu kingine.

Jambo la pili watumiaji wengi hawaelezwi. Gari lenye ekseli nzima ya nyuma, iliyobeba difu katikati yake, halinyanyui difu hiyo kwa kubadilishiwa springi. Springi hunyanyua bodi tu; ekseli hubaki pale pale ilipo juu ya magurudumu. Ikiwa kinachogonga jiwe ni difu, kitakachoipandisha ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, nalo hupandisha kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Fundi atakayekuahidi vinginevyo ama hajui kazi yake, ama anauza asichonacho.

Pili: nini hubadilika gari linapopanda?

Kila inchi inayoongezwa hulipwa mahali fulani. Uzito wa gari huhamia juu, hivyo hulala zaidi kwenye kona na huwa jepesi zaidi kupinduka. Fikiria barabara ya Paje inapopita msitu wa Jozani, ambako kima punju hukatiza njia. Dereva anayekata usukani ghafla akiwa ndani ya gari lililonyanyuliwa, lenye mizigo juu ya paa, ana nafasi ndogo zaidi ya kujirekebisha.

Mipira ya breki nayo huvutika. Ikiwa ni mifupi kwa kimo kipya, hukazika kila gurudumu linaposhuka shimoni, na siku moja huweza kupasuka. Baadhi ya magari yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya bodi na ekseli. Bodi ikipanda, vali hiyo hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, isiporekebishwa. Pembe za magurudumu ya mbele hubadilika, na tairi huanza kulika upande mmoja. Viungo vya ekseli za mbele, ambavyo mafundi huviita sivi, hufanya kazi kwa pembe kali zaidi na huisha mapema. Taa za mbele huelekea juu na kumpofusha dereva anayekuja. Na tairi likizidi kipenyo kwa asilimia 5, kipima mwendo kitaonyesha kilomita 80 kwa saa ilhali gari linakwenda 84.

Hatusemi haya ili kukuzuia, bali kwa sababu kila moja kati yake ni swali la kumuuliza fundi.

Tatu: wapi pa kumtafuta

Vichochoro vya Mji Mkongwe si mahali pa kazi kama hii. Gereji zinazoweza kuifanya ziko nje yake, upande wa Ng'ambo na kandokando ya barabara kuu zitokazo mjini. Anza kwa watu wanaoishi na magari ya aina yako katika mazingira ya aina yako: madereva wa magari ya watalii wanaokwenda mashariki kila siku, wakodishaji magari, na miradi yenye magari ya kazi za mashambani. Usiwaulize tu, "Nani fundi hodari?" Waulize: "Nani alinyanyua gari lako, tangu lini, na limerudi gereji mara ngapi baada ya hapo?" Sifa ya fundi hupimwa baada ya masika mawili, si siku gari linapotoka gereji liking'aa.

Omba kuliona gari ambalo fundi huyo alilinyanyua angalau miezi sita nyuma. Tazama tairi zake za mbele kama zimelika sawasawa, kisha muulize mwenyewe kama usukani hutikisika katika mwendo wa barabara kuu. Dakika kumi za namna hiyo zina thamani kuliko picha nyingi za simu.

Nne: maswali sita ya kumuuliza fundi

1. *Gari langu litapanda inchi ngapi hasa?* Kwenye baadhi ya magari, kama Toyota Land Cruiser Prado, spesa ya inchi moja inayowekwa juu ya shokapu ya mbele hunyanyua gari kwa takriban inchi mbili, kwa sababu shokapu haikukaa usawa na gurudumu. Uliza kama kipimo kilichoandikwa kwenye boksi ni unene wa spesa au ni kimo ambacho gari litapanda.

2. *Utabadilisha springi na shokapu, au utaweka spesa tu?* Spesa ni rahisi kwa bei, lakini springi kongwe hubaki kongwe. Kwa magari kama Toyota RAV4, ambayo kila gurudumu lake hujitegemea, nafasi ya kupanda bila ya kuvitesa viungo ni ndogo. Fundi mwaminifu atakuambia kikomo chake.

3. *Mipira ya breki na vali ya breki za nyuma utazifanyaje?* Jibu la "hazina tatizo" bila ya kuzitazama si jibu.

4. *Bolti za bushi utazikaza gari likiwa wapi?* Jibu sahihi ni kwamba bolti zinazopita kwenye bushi za mpira hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umejipinda na hukatika mapema. Swali hili fupi humtofautisha aliyejifunza na anayebahatisha.

5. *Una spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na una stendi za kuliegemeza gari?* Anayeingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake hajali uhai wake; usitarajie atajali wako.

6. *Alaimenti itafanyika wapi, na nani atailipia?* Baada ya kunyanyua gari, kupima pembe za magurudumu si hiari. Ikiwa gereji haina mashine, jina la mahali na gharama yake viingie katika makubaliano.

Fundi mzuri hachukizwi na maswali. Akikujibu, "Niachie mimi, bosi, hii kazi nimeanza zamani," mshukuru kwa adabu, kisha endelea kutafuta.

Tano: vipuri

Seti nyingi za kunyanyulia magari hazipatikani kisiwani. Huagizwa kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Taja aina ya gari, mwaka wake, injini yake na namba ya fremu unapoagiza, kwani springi za gari la dizeli huenda zisilingane na za petroli, injini zikitofautiana uzito. Eleza pia mzigo unaobeba kwa kawaida. Springi ngumu iliyotengenezwa kwa mzigo mkubwa itakurusha mwaka mzima ikiwa unasafiri mtupu.

Boksi lifunguliwe mbele yako kabla ya kufungwa kwenye gari. Hakiki jina la mtengenezaji, namba ya kipuri, na kama seti ina maelekezo ya kufungia. Spesa iliyochongwa kwa chuma chakavu au kuunganishwa kwa kuchomelea, isiyo na jina wala namba, usiikubali hata kwa bei ya bure. Kumbuka pia kwamba hewa ya bahari hula chuma. Uliza kama bolti zimepakwa madini ya kuzuia kutu.

Sita: makubaliano kwa maandishi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha, na iwe na mambo haya: jina na anwani ya gereji, namba ya gari, orodha ya vipuri na nani anavinunua, kimo kilichokubaliwa kwa inchi, bei ya kazi peke yake na bei ya vipuri peke yake, siku ya kumaliza, muda wa dhamana na kile inachokihusu, na kwamba vipuri vya zamani utarudishiwa. Vipuri hivyo ni mali yako, na ndivyo vitakavyokuwezesha kulirudisha gari lilivyokuwa.

Ikiwa utatakiwa kutoa arubuni, itoe kwa kiasi cha vipuri tu, upewe risiti, na gharama ya kazi ulipe baada ya gari kujaribiwa. Kabla ya kazi kuanza, pima kwa futi umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, uandike vipimo vyote vinne. Bila ya vipimo hivyo hutaweza kuthibitisha kwamba ulichokilipia kimefanyika.

Waarifu pia kampuni yako ya bima na uulize masharti ya ukaguzi wa gari lililobadilishwa. Bima huandikwa kwa taarifa ulizozitoa. Badiliko lisilotajwa huweza kuzua mabishano siku ya ajali.

Saba: siku ya kulipokea gari

Nenda mchana, na usiende na haraka. Pima tena pande zote nne na ulinganishe kulia na kushoto. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, ukisikiliza kama tairi linagusa bodi. Tazama mipira ya breki isiwe imekazika. Kisha endesha pamoja na fundi: kwanza polepole, ufunge breki uone kama gari linavuta upande, halafu kwa mwendo wa kawaida, usikilize mtikisiko kutoka kwenye propela shafti. Hakikisha taa za mbele zimeshushwa. Dai karatasi ya matokeo ya alaimenti.

Rudi gereji baada ya kilomita 500 hadi 1,000 ili bolti zikaguliwe na kukazwa upya, maana vipuri vipya hujipanga baada ya kutumika. Ziara hiyo iwe imetajwa katika makubaliano, bila ya malipo ya ziada.

Nane: mambo yakienda kombo

Ukihisi breki au usukani umebadilika vibaya, acha kuliendesha gari. Piga picha, andika tarehe na kilomita zilizosomeka, kisha mwarifu fundi kwa maandishi na umpe muda maalumu wa kurekebisha. Usimruhusu fundi mwingine kufungua kitu kabla ya kasoro kuonekana na kuandikwa, kwa kuwa ushahidi utapotea. Mkishindwa kuelewana, leta malalamiko kwetu ukiwa na makubaliano, risiti, picha na vipuri vya zamani. Sheria ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji ya Zanzibar ya mwaka 2018 imewekwa kwa ajili ya migogoro kama hii. Hata hivyo, mlalamikaji mwenye karatasi husikilizwa kwa wepesi kuliko mwenye maneno matupu.

Tunamaliza kwa ushauri mmoja. Bei ya chini kabisa na fundi aliye karibu kabisa ni vishawishi viwili vinavyoeleweka, lakini urahisi huvunja upishi. Mtafute anayeweza kukueleza kwa lugha unayoifahamu nini kitabadilika katika gari lako, na aliye tayari kukiandika. Ukimkosa leo, subiri. Njia ya mawe itakuwapo kesho, na gari lililo chini lakini salama bado litakufikisha nyumbani.