Mnyoo Anayenyonya Damu ya Kondoo

Ndugu mkulima, kondoo wako aweza kula majani mchana kutwa na bado akakonda. Usiyalaumu malisho upesi. Huenda yuko mwingine tumboni anayekula jasho lake.

Mwizi huyo ni mnyoo mwembamba wa urefu wa sentimita 2 hadi 3. Hukaa katika tumbo la nne la kondoo na mbuzi. Yeye hana haja na majani. Humwacha mnyama ale na kukigeuza chakula kuwa damu, kisha hulikwaruza tumbo kwa jino lake dogo na kuinywa damu hiyo. Humo hupata protini na madini ya chuma, tayari tayari.

Minyoo 1,000 humpotezea mnyama kama mililita 50 za damu kwa siku, yaani vijiko 10 vya chai. Mwana-kondoo wa kilo 15 ana damu ipatayo lita 1 tu. Hesabu mwenyewe.

Wakulima wengi hungoja waone kuhara. Wakosea, kwa maana mnyoo huyu kwa kawaida haharishi. Funua ukope wa chini wa jicho. Ndani kukiwa kwekundu, vema. Kukiwa kweupe, damu imepungua na kifo ki karibu. Wengine huvimba chini ya taya.

Mnyoo jike hutaga maelfu ya mayai kila siku, nayo hutoka pamoja na mavi. Wakati wa joto na mvua huanguliwa, na baada ya wiki moja hivi vijana wake hupanda majani mabichi, wakingoja kumezwa. Ndiyo sababu shamba dogo linalolishwa pale pale kila siku lina hatari.

Basi fanya hivi:

1. Wakati wa mvua, tazama macho ya kondoo wote kila wiki mbili.

2. Mwenye ukope mweupe mnyweshe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake. Ukiipunguza ili itoshe wengi, minyoo wenye nguvu watabaki na kuzaana, na mwishowe dawa haitawaua.

3. Gawanya malisho, ukawabadilishe ng'ombe wakubwa na kondoo. Mnyoo huyu hastawi sana ndani ya ng'ombe mkubwa.

Ukiwa na shaka, mwone Bwana Mifugo kabla ya kununua dawa. Ukope hutazamwa bure. Kondoo hununuliwa kwa fedha.