SOMO: NANI ALIMLIPA NANI?
Sarufi ya daftari la kikundi



Si kila ugomvi wa pesa huletwa na wizi. Mwingine huletwa na sentensi moja iliyoandikwa vibaya daftarini. Tuseme katibu ameandika hivi:

"Tarehe 5 alimlipa Chebet Kiprono 500/=."

Je, nani alitoa pesa? Someni kwa sauti, kisha ulizaneni. Wengine watasema Chebet, wengine Kiprono. Na katibu akibadilishwa mwaka ujao, nani atajua ukweli?

Kwa nini hutokea

Wengi wetu hapa Kericho na Bomet tunafikiri kwanza kwa Kikipsigis, ndipo tunaandika kwa Kiswahili ili jirani Mkisii au Mjaluo naye aelewe. Katika Kikipsigis kitendo hutangulia, majina yakafuata: "Mache Chebet beek", yaani Chebet anataka maji. Anayetenda na anayetendewa hutambulikana kwa jinsi sauti inavyopanda na kushuka kwenye jina. Kwa mdomo hakuna shida. Lakini sauti haibaki kwenye karatasi! Marehemu Dkt. Taaitta Toweett, mwanasiasa wa kwetu aliyekuwa pia mtaalamu wa lugha, alichapisha kitabu kizima juu ya lugha ya Kikalenjin mwaka 1979. Kwa hiyo lugha yetu ina sarufi yake kamili. Shida ni kuihamisha ilivyo hadi kwenye Kiswahili.

Kila lugha ina alama yake. Wacheki wa Ulaya hubadilisha mwisho wa jina: mama anayetenda ni matka, anayetendewa ni matku. Kiswahili hakifanyi hivyo. Alama zake ni mahali pa jina, na viungo vilivyo ndani ya kitendo.

Kanuni ya 1: Mtendaji akae mbele

"Chebet alimlipa Kiprono 500/=."

Hapo a- ni Chebet, -li- ni wakati uliopita, -m- ni Kiprono. Chebet alitoa, Kiprono akapokea. Sasa geuzeni majina: "Kiprono alimlipa Chebet 500/=." Kitendo ni kile kile, lakini pesa zimegeuka njia.

Kanuni ya 2: Angalieni mwisho wa kitendo

Alikopa: alichukua pesa za mwingine.
Alikopesha: alitoa pesa zake.
Alikopeshwa: alipewa mkopo.

Tofauti ni herufi chache tu, lakini mmoja anadai na mwingine anadaiwa.

Kanuni ya 3: "Hajalipa" si "hakulipa"

"Hajalipa" maana yake bado tunangoja. "Hakulipa" maana yake siku ile ilipita bila malipo. Mama anayengoja pesa za majani chai mwisho wa mwezi asiandikwe kama mtu aliyekataa. Andikeni: "Hajalipa. Atalipa tarehe 30."

Na ngeli je?

Wengine wanaogopa kalamu kwa sababu husema "kikapu yangu imejaa" badala ya "kikapu changu kimejaa". Msiogope, kila mtu ameelewa kikapu ni cha nani. Hilo rekebisheni polepole. Kosa la nani alimlipa nani ndilo lisingoje hata wiki moja.

Zoezi la kikundi

Andikeni sentensi hizi ubaoni, mjadiliane wawili wawili:

1. "Alikopesha Kiprono 1,000/=." Je, Kiprono anadai au anadaiwa? Iandikeni upya kwa njia mbili, kila moja iwe na maana moja tu.
2. "Chebet alilipwa na kikundi 800/=." Nani alitoa pesa?
3. "Wanachama watatu hawajaleta mchango." Je, wamekataa?
4. Fungueni daftari lenu wenyewe. Tafuteni sentensi moja yenye majina mawili. Je, mgeni akiisoma ataelewa?

La kufanya mkutano ujao

Kabla ya kufunga mkutano, katibu asome kwa sauti kila mstari wa pesa. Kila aliyetajwa aseme "Ndivyo", au arekebishe hapo hapo, kisha atie sahihi au kidole. Kazi hiyo ni ya dakika tano, nayo italinda ujirani wa miaka mingi.