SOMO LA UFUNDI: DEKI KUUKUU YAGEUKA AMPLIFAYA

Katika ukurasa wetu wa ufundi mwaka huu tumechagua jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho yenu: lile kasha jeusi lililo juu ya kabati la darasa, ambalo kwa nje ni deki ya kanda za video lakini halichezi kanda yoyote. Ndani yake mna amplifaya tuliyoiunda wenyewe. Wengi mlituuliza tulifanyaje. Haya ndiyo maelezo, pamoja na makosa yetu, kwani kosa nalo ni mwalimu.

KWA NINI KASHA KUUKUU?

Mwenye kuunda chombo cha sauti hugundua upesi kwamba vipande vya umeme ni vichache na si ghali. Kasha ndilo linalosumbua. Deki mbovu hutupa kila kitu: bati imara, mfuniko wa skrubu, miguu ya mpira na matundu ya waya za sauti yaliyokwisha tobolewa. Tena bati likiunganishwa na upande wa hasi huikinga saketi na mawimbi ya redio na simu.

KWANZA NI USALAMA

Hapa tunaomba msome pole pole. Deki ikiwa imechomolewa ukutani haina maana kwamba haina umeme. Ndani ya bodi yake ya umeme mna kapasita kubwa. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja hufikia kilele cha 230 × 1.414, yaani karibu volti 325, na kapasita huweza kuuhifadhi hata baada ya kuchomoa plagi.

Mmoja wetu alichomoa plagi, akafungua mfuniko papo hapo, akaishika bodi kwa chini. Alirushwa, mkono ukajikata kwenye ukingo wa bati, na ganzi ikamkaa kwa muda mrefu. Tunashukuru kwamba mkono wa pili haukuwa umeshika bati, kwani umeme ungepita kifuani, penye moyo. Tangu siku hiyo tumejiwekea kanuni tatu:

1. Kasha halifunguliwi bila fundi mtu mzima kuwapo.
2. Kapasita hupimwa kwanza kwa mita. Ikiwa bado ina umeme, fundi huumaliza kwa risista. Hatuigusishi bisibisi, kwa sababu cheche huweza kuruka usoni.
3. Bodi ya zamani na waya wake wa ukutani huondolewa vyote. Chombo chetu hutumia betri ya volti 12 tu.

KIINI CHA AMPLIFAYA

Tulitumia aisii ya TDA2003, iliyobuniwa kwa ajili ya redio za magari. Ina miguu mitano: wa 1 ni wa kuingiza sauti, wa 2 ni wa marejesho, wa 3 ni hasi, wa 4 ni wa kutoa sauti na wa 5 ni chanya. Hufanya kazi kati ya volti 8 na 18. Kwa volti 14.4 na spika ya omu 4 hutoa karibu wati 6. Kwa betri ya kawaida hutoa pungufu ya hapo, nazo zinatosha darasa zima.

Kiasi cha kukuza sauti huamuliwa na risista mbili, ya omu 220 na ya omu 2.2. Gawanya 220 kwa 2.2, ongeza 1, utapata 101. Basi sauti ndogo inayoingia hukuzwa mara 101. Kapasita ya maikrofaradi 1000 hukaa kati ya mguu wa 4 na spika, ili kuzuia umeme wa mkondo mmoja usiunguze koili ya spika.

Aisii hii hupata moto: karibu theluthi moja ya umeme inaoutumia ikiwa kwenye nguvu hiyo hugeuka joto. Kwa bahati nzuri bapa lake la chuma limeungana na mguu wa 3, yaani hasi. Tulilifunga kwa skrubu kwenye kipande cha alumini, na alumini tukaifunga kwenye kasha.

Fyuzi ya ampia 1 iwekwe karibu na chanya ya betri, si ndani ya kasha. Waya ukichubuka njiani na kugusa bati, betri ya gari huweza kuuyeyusha na kuwasha moto kabla umeme haujafika kwenye fyuzi.

KOSA LILILOTUCHOSHA

Siku ya kwanza amplifaya ilinguruma na kupiga mluzi. Tulibadilisha aisii, tukabadilisha spika, wapi! Kumbe hasi ya spika na hasi ya sauti inayoingia zilipitia waya mmoja mwembamba.

Tufanye hesabu. Waya ule ukiwa na omu 0.01 tu, na spika ikipitisha ampia 1, hutokea volti 0.01 kwenye waya. Ni ndogo, lakini huingia pamoja na sauti na kukuzwa mara 101: inakuwa volti 1 nzima! Amplifaya inajisikiliza yenyewe. Dawa yake ni kila hasi kuwa na waya wake, na zote zikutane katika nukta moja, pale kwenye mguu wa 3. Tulipofanya hivyo, kelele zilikoma mara moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini deki iliyochomolewa bado ni hatari?
2. Risista ya omu 220 ikibadilishwa kuwa ya omu 110, sauti itakuzwa mara ngapi?
3. Kwa nini fyuzi hukaa karibu na betri?

Mwenye majibu ayalete darasani, nasi tutamwonyesha ndani ya kasha. Kabla hujatupa chombo kibovu cha nyumbani, tuulize kwanza. Huenda ndani yake mna nyumba ya chombo kingine.