Jina la Nyoka Juu ya Sanduku

Jioni moja wanakisomo walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakimngoja Mwalimu. Kijana mmoja alifika na mfuko wa kitambaa mkononi. Mfuko ulikuwa umefungwa kwa kamba. Ndani yake kitu kilikuwa kinajinyonganyonga.

"Umebeba nini, mwanangu?" aliuliza mama mmoja.

"Nyoka wa kijani, Mama. Nilimkuta mtini kule mtoni. Yuko mtu mjini anawanunua. Huwapeleka Ulaya na Marekani, na huko watu huwafuga nyumbani. Ameniambia nimtumie kwa basi la kesho. Si hatari. Ana sumu kidogo tu."

Watu walisogea nyuma. Mzee mmoja akacheka. "Wafuge nyoka kama kuku? Wapate mayai gani?"

Mwalimu alipofika aliwaamkia wazee. Kisha akauliza habari ya mfuko. Aliposikia, alimwambia kijana auweke ndani ya ndoo kubwa, aifunike na kuweka jiwe juu ya mfuniko.

"Leo tuache hesabu," alisema. "Tuzungumze habari ya huyu nyoka."

NYOKA WA KUFUGWA

Ni kweli kwamba katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani watu hufuga nyoka. Wengi wa nyoka hao hawakukamatwa porini. Walizaliwa katika nyumba za wafugaji, na wazazi wao walizaliwa humo humo.

Mmoja wao ni nyoka mdogo mnene wa Marekani. Jina lake la Kiingereza lina maana ya "pua ya nguruwe", kwa sababu pua yake imeinuka juu. Huitumia kuchimba mchanga akitafuta chakula. Akitishwa hutanua shingo na kutoa sauti kali. Usipoondoka, hugeuka chali, hufungua mdomo na kujifanya amekufa. Ukimgeuza alale kifudifudi, hugeuka chali tena! Watoto wa huko humpenda sana kwa mchezo huo.

Nyoka huyu ana sumu kidogo. Meno yake ya sumu yako nyuma katika taya la juu, si mbele kama ya swila au kifutu. Akimng'ang'ania mtu kidoleni, mkono huweza kuvimba kwa siku kadhaa. Lakini hakuna kifo cha mtu kilichopata kuandikwa kutokana naye.

Basi watu wengi wakasema: nyoka mwenye meno ya nyuma ana sumu kidogo. Hapo ndipo penye hatari. Wako nyoka wa Afrika wenye meno ya nyuma ambao sumu yao huua.

YALIYOTOKEA CHICAGO

Katika mwaka 1957, bustani ya wanyama ya mji wa Chicago, Marekani, ilikuwa na nyoka mdogo kutoka Afrika. Waliokuwa naye hawakuwa na hakika ni wa aina gani. Wakampeleka kwenye jumba la makumbusho la mji huo, ili mtaalamu amtazame na kutaja jina lake.

Mtaalamu huyo alikuwa Karl Patterson Schmidt. Alikuwa na umri wa miaka 67, na alikuwa amejifunza habari za nyoka karibu maisha yake yote. Tarehe 25 Septemba alimshika nyoka yule. Nyoka akamwuma kwenye dole gumba. Ni jino moja tu lililoingia vizuri, tena si kwa kina kirefu. Schmidt hakuogopa sana. Alirudi nyumbani kwake, akaandika katika daftari kila alichokisikia mwilini: kichefuchefu, homa, damu katika fizi.

Asubuhi ya pili alijiona ana nafuu, akala chakula. Mchana hali yake ikabadilika, na siku hiyo hiyo akafa. Nyoka aliyemwuma alikuwa yule ambaye wataalamu humwita boomslang. Ni neno la Kiafrikaans, maana yake "nyoka wa mtini". Sumu yake huzuia damu kuganda, na mtu huvuja damu ndani ya mwili bila jeraha kubwa nje. Huanza polepole, ndiyo maana mgonjwa hudhani amepona.

Mwaka 1975, mtaalamu mwingine mkubwa, Robert Mertens wa Ujerumani, aliumwa na nyoka mwingine wa Afrika mwenye meno ya nyuma, mwembamba kama kijiti kikavu. Alifariki baada ya siku 18. Mpaka leo hakuna dawa ya kupinga sumu ya nyoka yule kijiti. Dawa ya boomslang ipo, hutengenezwa Afrika Kusini, lakini ni vigumu kuipata.

Hao walikuwa watu wa vitabu. Je, mpakiaji mizigo wa basi?

SHERIA INATAKA NINI

Kwa sababu kama hizo, sheria hazimwachii mtu atume nyoka apendavyo. Posta ya Marekani haipokei nyoka wa aina yo yote, hata asiye na sumu. Mwenye kutaka kumsafirisha hutumia ndege, kwa shirika lililokubali kazi hiyo. Sheria ya huko, iliyotungwa kwanza mwaka 1900, inataka mzigo wa wanyama wa porini uandikwe nje jina na anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Wakitoka au kuingia katika nchi, huandikwa pia ni aina gani, ni wangapi, na kama wana sumu au hawana. Anayeandika uongo hushtakiwa.

Uko pia mkataba wa mataifa wa mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tanzania iliingia mwaka 1979. Chatu yumo katika mkataba huo, hawezi kuvuka mpaka bila hati. Boomslang hayumo, lakini hiyo si ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kushika mnyama wa porini, kumweka na kumwuza, kote kunahitaji kibali. Tena mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Mtu akikuambia njia iko wazi, mwombe akuonyeshe karatasi, uisome mwenyewe. Kisha umwulize afisa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee wetu humwita Bwana Nyama.

JINSI ANAVYOFUNGWA

Mwenye kibali hufungaje nyoka? Kwanza hamlishi kwa siku kadhaa kabla ya safari. Nyoka aliyeshiba hutapika njiani, na huweza kufa. Halafu humtia katika mfuko wa kitambaa kipitishacho hewa. Kabla ya hapo huugeuza mfuko ndani nje, akatazama mishono yote. Tundu dogo la kupita kidole linamtosha nyoka kutoka. Nyoka mmoja, mfuko mmoja. Mdomo wa mfuko hukunjwa na kufungwa vizuri.

Mfuko huwekwa ndani ya sanduku gumu lenye matundu ya hewa, na matundu huzibwa kwa wavu mwembamba. Karatasi zilizofinyangwa hujazwa pembeni ili mfuko usirukeruke. Nyoka mwenye sumu huwekwa katika sanduku lililo ndani ya sanduku jingine, na nje huandikwa wazi kwamba ni wanyama hai na kwamba wana sumu. Sanduku haliachwi juani. Nyoka hana njia ya kupoza mwili wake, naye hufa kwa joto upesi kuliko kwa njaa. Mpokeaji huarifiwa saa ya kufika, naye halifungui sanduku kituoni mbele ya watu.

Haya yote yanafaa kitu iwapo jina lililoandikwa ni la kweli. Mpakiaji haoni nyoka, anaona maandishi. Na daktari wa mji wa mbali, akiletewa mtu aliyeumwa, huuliza kwanza: nyoka gani?

NDOO CHINI YA MWEMBE

"Mwalimu," alisema kijana, "huyu wangu ni nyoka gani?"

"Mimi sijui. Nani alikuambia ana sumu kidogo?"

"Yule mtu wa mjini. Kwa simu."

"Amemwona?"

Kijana alinyamaza.

Asubuhi afisa wanyamapori alikuja kwa pikipiki, na fimbo yenye ndoano mkononi. Aliwataka watu wakae mbali. Aliufungua mfuko kwa fimbo, akatazama kwa muda mrefu. Kichwa cha nyoka kilikuwa kifupi, macho yake makubwa sana. Magamba yake yalikuwa na mstari ulioinuka katikati.

"Nyoka wa kijani asiye na sumu ni mwembamba kuliko huyu, na magamba yake ni laini," alisema. "Huyu ni boomslang dume. Jike lake kwa kawaida ni la kahawia, ndiyo maana watu hudhani ni nyoka wawili tofauti. Ulimshikaje?"

"Mkiani, kwa mkono. Akageuka, akakosa."

Mama aliyeuliza jana alishika kichwa. "Na mimi nilikuwa nisafiri na basi hilo hilo!"

Afisa alimfunga nyoka tena ili akamwachie mbali na nyumba. Alimweleza kijana kwamba kumshika bila kibali ni kosa, na kwamba safari hii amemwonya. Kisha akawaambia wote: mtu akiumwa, atulizwe, avuliwe pete na bangili, apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajiona mzima. Asichanjwe, asifungwe kamba, wala sumu isinyonywe. Wasimfuate nyoka ili kumkamata. Waeleze tu alivyoonekana.

"Na nauli ya kumtuma niliyokwisha kulipa?" aliuliza kijana.

"Karudishiwe," alisema Mzee. "Waambie mzigo umebadili mawazo."

MAZOEZI

1. Kwa nini Schmidt alidhani ana nafuu?
2. Mzigo wa nyoka huandikwa mambo gani nje? Yaandike katika daftari lako.
3. Katika kijiji chenu nyoka wa kijani wa mitini huitwaje? Je, jina hilo ni la nyoka mmoja au zaidi? Waulizeni wazee.